Tapeti Kava: Historia ya Oili Inayovuja Juba

Ukitaka kujua gari gani limekaa Juba miaka mingi, usiangalie rangi wala namba. Inama uangalie chini. Gari lililozeeka na mji huu lina doa lake pale linapolala, doa jeusi lililoshikana na vumbi jekundu mpaka limekuwa kama lami ndogo ya mwenye nyumba. Utaliona mbele ya nyumba za Munuki, kwenye kituo cha matatu cha Custom, nje ya maghala ya mashirika, hata nje ya zahanati.

Madoa mengi ya aina hii hayaanzii chini ya injini. Yanaanzia juu, halafu oili inateremka pole pole ikitafuta mahali pa kudondokea. Juu ya kila injini kuna kifuniko kinachofunika valvu. Vitabu vya chuo vinakiita kifuniko cha valvu, lakini kutoka Mombasa mpaka hapa, fundi atakwambia ni tapeti kava. Kati ya kava hiyo na silinda hedi pana gasketi, na kazi ya gasketi hiyo ni nyepesi kuliko watu wanavyofikiri. Hapo juu oili haisukumwi kwa nguvu kama ile inayopelekwa kwenye beringi. Inarushwarushwa tu valvu zikicheza, kisha inarudi chini yenyewe kupitia matundu yake. Gasketi inazuia kitu kinachotiririka, haikuwekwa pale kuzuia kitu kinachosukuma.

Sasa kwa nini inavuja? Na kwa nini hapa inavuja mpaka watu wameizoea, dereva anabeba galoni ya oili nyuma ya kiti kama vile anavyobeba maji ya kunywa? Nimefanya kazi hii Kakuma na nimeifanya Juba, na swali hili nimelisikia likijibiwa kwa matusi: mafundi wavivu, madereva wajinga, spea feki. Kuna ukweli kidogo katika kila tusi. Lakini jibu kubwa limelala kwenye barabara, kwenye vita na kwenye pesa, na inabidi kulifuata kutoka mbali.

Gari zilizotawala hapa kabla ya Toyota zilikuwa za Kiingereza. Land Rover ilianza kutengenezwa mwaka 1948, na haikuchukua muda kuwa gari la wakuu wa wilaya, wamisionari na madaktari. Mizigo ilikuwa ya Bedford. Lori za Bedford ndizo zilizobeba Sudan nzima, kuanzia chumvi na mtama mpaka abiria waliokaa juu ya magunia. Injini hizo zilifunikwa juu kwa kava ya bati na gasketi ya koki. Nasema koki kwa maana ya lile gome jepesi la kutengenezea vizibo vya chupa, si koki ya bomba la maji.

Koki inatokana na mti unaoota Ureno na nchi za jirani yake. Ni kitu kizuri. Inabonyea, inajaza mabonde madogo ya chuma, inavumilia oili. Adui yake ni ukavu. Ikikaa miezi mahali penye joto inajikunja na kupungua, mpaka matundu yake na matundu ya boliti hayaonani tena. Hebu fikiria safari yake ya kuja hapa: meli mpaka Port Sudan, treni mpaka Kosti, halafu stima kwenye Mto Nile, zaidi ya kilomita 1,400 kupanda mpaka Juba. Ikifika inatundikwa kwenye msumari wa duka la mabati, kwenye jua la mwezi wa pili. Mteja anainunua ikiwa imekauka kama chapati ya juzi.

Wazee wa kazi hii walijua dawa. Unailoweka kwenye maji ya uvuguvugu mpaka irudi saizi yake, unaipangusa, unaifunga ikiwa bado laini. Haigharimu kitu. Lakini mwenye haraka aliifunga hivyo hivyo kavu, ikavuja, akakaza. Ikavuja tena, akakaza zaidi. Na hapo ndipo tabia mbaya ya kwanza ilipozaliwa, maana kava ya bati haitaki nguvu. Penye boliti bati linabonyea kuelekea chini, na katikati ya boliti mbili linainuka. Kadiri unavyokaza ndivyo unavyofungua mlango. Land Rover ya silinda nne ilikuwa na nati tatu tu juu ya kava yake, na hizo tatu zilitosha kabisa kama ukingo wa kava ulikuwa bapa. Mpaka leo kava nyingi za zamani ninazoziona zina mabonde penye boliti. Ukizilaza kwenye kioo unaona mwanga unapita chini yake. Mabonde hayo yaliachwa na mikono ya watu waliokwisha kufa, na gasketi mpya inalipia.

Mwaka 1983 vita vikaanza tena. Juba ikabaki mji wa jeshi la serikali, umezungukwa, ukilishwa kwa ndege na kwa misafara ya majahazi ya mtoni. Mwaka 1992 SPLA waliushambulia na nusura wauchukue. Katika hali hiyo, nani angepakia gasketi kwenye ndege? Kilichokuja ni unga, risasi na dawa. Gari lililokuwa mjini lilibaki na lile lililokuwa nalo, na fundi alikata gasketi kwa kile alichokipata: boksi la katoni lililopakwa grisi, mfuko wa saruji uliokunjwa mara mbili, na zaidi ya yote tyubu ya gurudumu.

Tyubu ni hadithi yenyewe. Inapendeza macho, ni mpira, ni laini, inakatika kwa mkasi. Siku ya kwanza haivuji hata tone. Lakini mpira wa tyubu umetengenezwa kushika hewa, haukutengenezwa kukaa na oili. Oili inauingia, unavimba, unakuwa mlaini kama ugali uliolowa, halafu unatoka pembeni ya kava kama ulimi. Mpira unaovumilia oili ni wa aina nyingine, ule uliobuniwa Ujerumani miaka ya 1930, na ndio unaotengenezewa gasketi nyingi mpaka leo. Ukivishika vyote viwili mkononi, huwezi kuvitofautisha kwa urahisi. Kwa hiyo simlaumu aliyekata tyubu mwaka 1990. Alikuwa anaendesha mji uliozingirwa kwa mkasi.

Upande wa pili wa vita, mambo yalikuwa tofauti. Mwezi wa nne mwaka 1989 Umoja wa Mataifa na mashirika walianzisha Operation Lifeline Sudan, na kituo chake cha kusini kikawa Lokichoggio, pale mpakani upande wa Kenya. Baada ya muda mfupi, mwaka 1990, Toyota wakaleta injini ambayo kila mfanyakazi wa misaada ameisikia ikinguruma hata kama hajui jina lake: 1HZ. Ni dizeli ya silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, haina taabo, pampu yake ya dizeli inafanya kazi kwa gia na chuma bila kompyuta yoyote. Iliwekwa kwenye Land Cruiser za mgongo mrefu, zile tunazoziita haditopu. Gari nyingi za namna hiyo zilikwenda kwa mashirika kupitia Gibraltar, ambako kuna kampuni inayozitayarisha kwa kazi za misaada. Ndiyo sababu gari la shirika huko Juba na lile la shirika huko Goma wanafanana kama mapacha.

Mwaka 1992 kambi ya Kakuma ikafunguliwa, chini ya kilomita 100 kutoka Loki. Hapa historia ya gasketi na historia yetu sisi wakimbizi zinaingiliana. Vijana waliofika kwa miguu bila kujua kushika spana walijifunza ufundi wa magari kwenye karakana za Don Bosco, na wengine chini ya magari yenyewe ya misafara. Walijifunza kwa Kiswahili, kwa sababu mwalimu alikuwa Mkenya, na maneno ya kazi yaliingia kichwani hivyo: ringi, pistoni, sampu, tapeti kava. Wenzao waliokwenda Khartoum walijifunza kwa Kiarabu, wale wa kambi za Uganda wakajifunza kwa Kiganda na Kiingereza. Amani ilipotiwa sahihi tarehe 9 Januari 2005 na watu wakaanza kurudi, Juba ilipokea mafundi wa lugha tatu ambao hawakukubaliana hata jina la boliti. Lakini walikubaliana juu ya kitu kimoja, na hicho ni silikoni.

Silikoni si ya zamani sana. Kampuni ya Dow Corning iliundwa Marekani mwaka 1943 kwa ajili ya kuitengeneza, na kwenye miaka ya 1970 viwanda vya magari vilikuwa vimeanza kuitumia kama gasketi ya kupaka. Inakuja kwenye tyubu kama ya dawa ya meno. Unapaka, unafunga, inakauka na kuwa mpira. Nyingi ya zile zinazouzwa hapa zina harufu kali ya siki, na harufu hiyo ni ya asidi inayotoka wakati inakauka.

Kwa fundi wa mahali pasipo na spea, hiki kilikuwa kitu cha ajabu. Badala ya kutunza gasketi za Land Rover, Bedford, Toyota na Nissan, unatunza tyubu moja mfukoni. Haina saizi. Haina namba. Haikauki kwenye msumari kama koki. Wale wanaowacheka mafundi wetu kwa silikoni yao wanasahau kwamba kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa duka lote la spea, na gari nyingi zilizobeba wagonjwa na chakula zilitembea kwa sababu yake.

Shida ni vile ilivyotumika. Silikoni inakauka kwa kutumia unyevu ulio hewani, na kiangazi cha Juba hewa ni kavu, kwa hiyo inachukua muda mrefu kuliko ilivyoandikwa kwenye boksi. Nani anangoja? Dereva amesimama hapo: "Fundi, paka nyingi, hii gari inatoka saa nane." Inapakwa nyingi. Inapakwa juu ya oili ambayo haikufutwa vizuri, na silikoni haishiki kwenye oili. Kava inafungwa, na ile iliyozidi inaminywa pande mbili. Ya nje unaiona, imekaa kama kamba nyekundu au ya kijivu, na mteja anafurahi kwamba kazi imefanyika. Ya ndani huioni. Siku moja inakatika kipande, inateremka na oili mpaka kwenye sampu, inakwenda kukaa kwenye chujio la pampu. Vipande vitatu vinne vikikusanyika, pampu inakosa kitu cha kuvuta. Taa nyekundu inawaka. Beringi zinaanza kugonga. Injini iliyokuwa inadondosha kikombe cha oili kwa wiki sasa inataka krenkshafti.

Nimefungua sampu nyingi. Naweza kusema bila wasiwasi kwamba uvujaji wa tapeti kava wenyewe haujaniletea injini nyingi zilizokufa, lakini dawa yake imeniletea.

Baada ya 2005, na hasa baada ya uhuru wa tarehe 9 Julai 2011, magari yalimiminika. Mwaka 2012 barabara ya Nimule mpaka Juba, kilomita 192, ilikamilika kwa lami kwa pesa za Wamarekani, na safari ya Kampala ikawa ya siku moja badala ya bahati nasibu. Zilikuja Corolla, Premio, Noah, Hiace, nyingi usukani ukiwa kulia ingawa hapa tunaendesha upande wa kulia wa barabara, jambo tulilorithi Sudan ilipobadilisha upande mwaka 1973. (Ukitaka kuona imani ya kweli, mtazame dereva wa Premio akilipita lori pale Nesitu bila kuona mbele, anamuuliza abiria kama njia iko wazi.) Spea nazo zikaja. Kutoka Kisenyi ya Kampala, kutoka barabara ya Kirinyaga ya Nairobi ambayo wote tunaiita Grogan, na kutoka Sharjah kule Ghuba, ambako injini za mitumba zinauzwa kwa rundo. Kwa miaka michache, fundi wa Konyo Konyo aliweza kupiga simu asubuhi na kupokea gasketi kesho yake kwenye basi.

Gari hizi ndogo zilileta somo jipya. Kwenye injini nyingi za petroli za Corolla, plagi zinakaa kwenye mashimo marefu yanayopita katikati ya tapeti kava, na kila shimo lina sili yake ya duara. Sili ikichoka, oili haivuji nje, inajaa shimo la plagi. Gari linaanza kukosa moto, linatetemeka, mwenye gari ananunua plagi, waya, koili. Doa chini hakuna. Kuna pia zile nusu-mwezi, vipande vya mpira vya nusu duara vinavyoziba ncha za silinda hedi kwenye 22R ya pikapu za zamani na dizeli za Hiace kama 2L na 3L. Watu wanabadilisha gasketi kubwa na kuziacha nusu-mwezi zile zile zilizokauka kama mfupa, halafu wanashangaa. Kipande kidogo namna hiyo, na ukikisahau kazi yote umeifanya bure.

Sasa nije kwenye lile ambalo nafikiri ndilo kiini, na ambalo sijaona likiandikwa kwa ajili ya watu wetu.

Kila injini inapumua. Moto ukilipuka juu ya pistoni, gesi kidogo inapenya pembeni ya ringi na kuingia kwenye tumbo la injini. Kwenye injini mpya ni kidogo, kwenye injini iliyochoka ni nyingi. Gesi hiyo lazima itoke. Zamani ilitolewa kwa bomba tu lililoning'inia chini ya gari, upepo wa mwendo unaivuta na kuimwaga barabarani. Kule California wakagundua kwamba moshi ule unachangia ukungu mchafu wa mji, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 gari za Marekani zikaanza kuwekewa valvu inayorudisha gesi hiyo kwenye injini ili iungue tena. Gari zetu zote zina njia fulani ya namna hiyo: mpira mfupi unaotoka kwenye tapeti kava na kwenda kwenye njia ya hewa. Mafundi tunauita briza, yaani kipumulio.

Briza ikiziba, gesi haina pa kwenda. Inasukuma. Na tulisema mwanzo kwamba gasketi ya tapeti kava haikuwekwa pale kuzuia kitu kinachosukuma. Itasalimu amri, hata iwe mpya ya kutoka Japani.

Juba ni mahali pazuri sana pa kuziba briza. Vumbi likichanganyika na mvuke wa oili linakuwa tope. Zaidi ya hapo, briza inayotema oili kwenye njia ya hewa inamuudhi dereva, kwa hiyo kuna wanaoichomoa na kuiziba kwa kitambaa, kwa boliti, hata kwa kizibo cha kalamu. Mimi nimekuta gunzi la mahindi. Na vumbi lina kosa la pili: likipita kwenye chujio la hewa lililopulizwa kwa kompresa mara ishirini mpaka likatoboka, linasaga ringi kama msasa. Ringi zikiisha gesi inaongezeka, gesi ikiongezeka kava inavuja. Kwa hiyo gari lina kidonda juu lakini ugonjwa uko kwenye pua.

Kulikuwa na haditopu moja ya shirika fulani, inabeba akina mama wajawazito kutoka ng'ambo ya mto, upande wa Gumbo, kuwaleta hospitali. Ndani ya mwaka mmoja ilifungwa gasketi ya tapeti kava mara nne, na kila safari kulikuwa na risiti na sahihi tatu. Oili ilikuwa inateremka na kudondokea kwenye manifodi ya ekzosi, inaungua, moshi wa bluu unaingia ndani kwa abiria. Siku moja moshi ulikuwa mwingi mpaka dereva akasimama darajani akifikiri gari linawaka. Mama alishuka akiwa na uchungu, akashikwa mkono na dada yake, wakamalizia daraja kwa miguu. Alifika na alijifungua salama. Gari lilipoletwa kwetu hatukugusa gasketi kwanza. Tulichomoa briza, na ndani yake palikuwa na tope gumu ambalo lilitoka kwa waya. Gasketi ya tano ndiyo ilikuwa ya mwisho kwa muda mrefu.

Wasomaji wangu mnaofanya kazi kwenye ofisi za usafiri wa mashirika, hili nawaambia ninyi. Fomu zenu zina mahali pa kuandika "gasketi imebadilishwa". Hazina mahali pa kuandika gasketi hiyo hiyo imebadilishwa mara ngapi, na hapo ndipo habari ilipo.

Desemba 2013 mji ukaungua kwa vita. Mafundi wengi wa Kikenya na Kiganda walipanda mabasi wakaondoka, na wenzetu wengine waliingia kwenye kambi za ulinzi za UNMISS hapa hapa Juba. Lakini kilichorudisha silikoni kwenye kiti chake si risasi, ilikuwa pauni. Katikati ya Desemba 2015 serikali iliiachia pauni ijitafutie bei yake, na kiwango rasmi kikatoka karibu pauni 3 kwa dola kikapita 18. Gasketi haitengenezwi hapa. Inanunuliwa kwa dola au kwa shilingi, kwa hiyo ile ambayo fundi alizoea kuinunua kwa bei rasmi ikawa mara sita ya bei yake, na mshahara wa mwenye gari haukusogea. Kweli, soko la pembeni lilikuwa limeshapanda kabla ya hapo. Lakini baada ya siku ile, hata wale waliokuwa wanashikilia mwendo wa zamani waliachia. Tyubu moja ya silikoni inafunga kava za magari kadhaa. Fundi alifanya hesabu, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Julai 2016 ikatoka vita nyingine mjini, na Agosti mwaka ule ule kambi ya Bidi Bidi ikafunguliwa upande wa Uganda. Mafundi wa Yei, wa Kajo Keji, wa Juba walikaa chini ya miti huko wakifungua boda boda. Ujuzi wa injini kubwa ulikaa bila kazi. Waliobaki hapa walifundisha vijana kile kilichokuwepo, na kilichokuwepo kilikuwa tyubu ya silikoni. Leo kuna fundi hodari wa miaka 25 ambaye hajawahi kufunga tapeti kava bila silikoni mzunguko mzima, kwa sababu hajawahi kuona mtu akifanya hivyo. Huyo si mvivu. Amejifunza ufundi wa wakati wa njaa, akadhani ndio ufundi wenyewe.

Njia yenyewe si siri. Injini ipoe. Kava na silinda hedi vifutwe mpaka kitambaa kitoke kisafi, na silikoni ya zamani ikwanguliwe kwa kipande cha mti au plastiki, si bisibisi, maana hedi nyingi ni aluminiamu na mkwaruzo mmoja ni mfereji. Weka kitambaa ndani kisianguke kitu. Kava ilazwe kwenye kioo, na ikiwa ni ya bati na ina mabonde, igongwe pole pole juu ya ubao mpaka ikae bapa. Gasketi ya mpira inafungwa kavu. Silikoni ni tone tu kwenye zile kona ambapo nusu-mwezi inakutana na hedi. Boliti zinaanzia katikati kwenda nje, kidogo kidogo, mizunguko miwili au mitatu, kwa spana fupi iliyoshikwa kwa vidole. Kwenye injini nyingi nguvu inayotakiwa haifiki niutoni-mita 10, wakati nati za gurudumu zinataka zaidi ya 100. Ukitumia mkono unaofunga nao gurudumu, umeshaharibu. Kama umepaka silikoni, gari lilale. Lakini kabla ya yote hayo, briza ichomolewe na ipulizwe.

Tangu Aprili 2023 vita vya Sudan vimeleta watu wengine Juba, na baadhi wako Gorom, nje kidogo ya mji. Kati yao wamo mafundi waliokuwa na karakana zao Khartoum. Juzi nilisimama na mmoja wao, mtu mzima, vijana wanamwita usta, mbele ya Hiace iliyokuwa inavuja juu. Kijana wetu alikuwa ameshatoa tyubu yake mfukoni na kuifungua kwa meno. Usta hakusema Kiswahili na kijana Kiarabu chake ni cha sokoni. Mzee alimwomba dereva awashe injini, akazungusha kifuniko cha kujazia oili, akakitoa, akaweka kiganja chake juu ya tundu. Alikaa hivyo kidogo. Halafu akamshika kijana mkono na kuuweka pale pale, ili asikie mwenyewe jinsi unavyosukumwa.